Mwimbaji na Mashine Ihesabuyo

Siku moja, baada ya mavuno, alitujia kijana mmoja ambaye zamani tulimfundisha kusoma na kuandika, naye sasa ni mpiga gitaa. Akatuamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Tukamwitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu uketi." Hakukaa sana, akatoa simu mfukoni akatuonyesha nyimbo mbili alizozitunga mwenyewe, akazirekodi mwenyewe, na kuzipeleka mwenyewe kwenye mtandao, pasipo kampuni wala tajiri wa kumsimamia. Wimbo wa kwanza ni wa arusi, mwepesi, wa kuchezea. Wa pili wasimulia habari za wanawake wa kijiji chao, ambao kisima kilipokauka walikuwa wakiamka usiku wa manane kwenda kuteka maji mbali. Wimbo huu waanza kwa gitaa peke yake, polepole, muda wa dakika nzima, ndipo isikike sauti ya mtu.

Chini ya kila wimbo palikuwa na hesabu ya waliousikiliza. Wa arusi ulikuwa na wengi. Wa kisima ulikuwa na wachache mno, na karibu wote waliuacha kabla sauti haijaanza. Kijana akasema, "Mwalimu, wenzangu waniambia nikate ule mwanzo, niweke kiitikio mbele, tena niongeze mwendo. Wasema kwamba mashine haipendi nyimbo za namna hii. Nifanyeje? Nikikata, wimbo si ule tena. Nisipokata, hapana atakayeusikia."

Hatukuweza kumjibu papo hapo. Tukamwambia arudi baada ya siku chache, nasi tukalifikiri neno lake. Haya tuandikayo ndiyo tuliyoyafikiri, na twayaleta mbele ya wasomaji wetu kwa kuwa swali hili si la wapiga gitaa peke yao. Kila mtu afanyaye kazi ya akili na ya mikono, awe mfinyanzi, au seremala, au mwenye kuitungia kwaya nyimbo, iko siku ataulizwa: Kazi yako waifanya kwa kumfuata nani?

Kwanza yafaa tuijue mashine yenyewe, maana si haki kumhukumu mtu wala kitu kabla ya kukijua. Zamani nyimbo zilikaa katika sahani za santuri, kisha katika kanda. Siku hizi nyingi hukaa katika maghala makubwa ya mtandao, kama YouTube ya Marekani, iliyoanza mwaka 2005, na Spotify, iliyoanzishwa Stockholm katika nchi ya Sweden mwaka 2006, na ambayo tangu mwaka 2021 yapatikana Kenya, Tanzania na Uganda pia. Mwaka 2022 wakuu wa makampuni makubwa ya muziki walisema kwamba nyimbo 100,000 zilikuwa zikipelekwa katika maghala hayo kila siku moja. Hapana mtu awezaye kuzisikiliza zote, hata akiacha kulala. Kwa hiyo kazi ya kuchagua wimbo upi uwekwe mbele ya mtu yupi imepewa mashine. Kanuni zinazoiongoza mashine huitwa algoriti, yaani mfululizo wa amri za hesabu zifuatwazo hatua kwa hatua, kama vile mwanafunzi afuatavyo kanuni ya kugawanya.

Mashine hiyo yatazama nini? Yatazama matendo ya vidole vyetu. Mtu huyu ameusikiliza wimbo mpaka mwisho, au ameuruka? Ameurudia? Ameuweka katika orodha yake? Na wale walioupenda wimbo huu, walipenda na upi mwingine? Ikiisha kukusanya hayo, hukisia kitu ambacho mtu atakipenda kesho. Tena ziko sheria za malipo. Kwa Spotify, usikilizaji hauhesabiwi mpaka sekunde 30 zipite. Tangu mwaka 2024, wimbo ambao haukusikilizwa walau mara 1,000 katika miezi 12 haupati fungu la fedha za kurekodi. Fedha zenyewe hazilipwi kwa bei moja kwa kila usikilizaji, bali hukusanywa pamoja kama katika chungu kimoja, kisha hugawanywa kwa kadiri ya sehemu ya kila mmoja katika hesabu yote. Na mwaka 2020 ilitangazwa njia nyingine: mwimbaji akikubali kupunguziwa malipo yake, mashine nayo huuleta wimbo wake mbele ya watu zaidi.

Basi msomaji ataona kwa nini wenzake kijana walimshauri vile. Wimbo wenye dakika nzima ya gitaa polepole waweza kuachwa kabla ya sekunde 30, na ukiachwa na wengi, mashine yaona kwamba haufai kuletwa mbele ya wengine. Mashine yaweza hata kuupima mwendo wa wimbo na mlio wake, lakini haijui kiu, wala haijui uchovu wa mama aendaye gizani na mtungi kichwani. Haikupewa kazi ya kujua hayo. Ilipewa kazi ya kuhesabu.

Wako watu ambao wakisikia habari hizi watasema mara moja, "Mashine ni mbaya, na iachwe." Sisi hatusemi hivyo, maana wenye kuitetea wana maneno matatu yaliyo ya haki, na yafaa tuyasikilize.

Neno la kwanza ni hili: Zamani kijana wa kijijini hakuwa na njia. Kama hakupata kampuni ya kumrekodi, au mtu wa redio wa kuupiga wimbo wake, wimbo ulikufa pale pale ulipozaliwa. Leo anayo simu, na jioni moja aweza kuupeleka wimbo wake mpaka nchi za mbali bila kumbembeleza mtu. Mlango umefunguliwa, ingawa waliomo ndani ni wengi hata hawaonani. Neno la pili: Hesabu hiyo si ya shetani, ni ya watu. Vidole vilivyoruka wimbo ni vidole vya wanadamu. Je, mwimbaji ana haki gani ya kuwadharau? Neno la tatu: Mwimbaji naye hula. Ana watoto, ana karo, ana kodi ya nyumba. Ni rahisi mtu aliyeshiba kumwambia mwenye njaa asijali fedha.

Haya yote twayakubali. Tena twakubali na la nne: kuwekewa mpaka si kunyimwa ubunifu. Tumtazame Johann Sebastian Bach wa Ujerumani. Mwaka 1723 alipewa kazi ya kuongoza muziki wa makanisa katika mji wa Leipzig. Baraza la mji halikumtaka yeye kwanza. Lilimtaka Telemann, kisha Graupner, na wote wawili walipokosekana ndipo likamchukua yeye. Alipopokea kazi alitia sahihi ahadi kwamba muziki wake hautakuwa mrefu mno, wala hautafanana na muziki wa michezo ya kuigiza. Tena ilimpasa kuwafundisha wanafunzi wa shule kuimba, na katika miaka ya kwanza alileta kazi mpya ya kuimbwa karibu kila Jumapili. Mtu huyu alikuwa na mabwana, alikuwa na kipimo cha urefu, alikuwa na siku ya mwisho isiyongoja. Hata hivyo nyimbo zake za namna hiyo zipatazo 200 zingaliko, nazo zaimbwa mpaka leo. Baraza lilimpa kipimo cha ubao; halikumwambia achonge nini.

Hapo ndipo tulipoanza kuliona jibu. Mpaka na mchaguzi si kitu kimoja. Mpaka wasema, "Usizidi hapa." Mchaguzi asema, "Fanya kile kilichopendwa jana." Wa kwanza huibana mikono ya fundi, na fundi hodari hujifunza kufanya kazi katika nafasi ndogo. Wa pili huibana nia yake. Na nia ikiisha kubanwa, mikono hata ikiwa huru yafaa nini?

Tuitazame habari iliyo karibu nasi. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika jamaa ya wafinyanzi, naye mwenyewe alitembeza vyungu akiuza. Zamani hizo taarab ya Unguja iliimbwa katika majumba ya wakubwa kwa lugha ya Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, akaimba mambo ya mji ambayo watu waliyajua, pamoja na dhuluma walizotendwa wanyonge. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wapigaji wake, wakarekodiwa sahani za santuri. Sahani za siku hizo zilikuwa na nafasi ya dakika tatu hivi kila upande, kwa hiyo hata wao iliwapasa kuupima wimbo. Tena kampuni nayo ilikuwa na hesabu zake, maana hakuna mfanya biashara asiyehesabu.

Lakini fikirini neno hili. Kama mwaka 1927 ingalikuwako mashine ya kuchagua nyimbo kwa kutazama mauzo ya nyuma, ingaliona nini? Ingaliona sahani za Kiarabu na za Kihindi zilizoletwa kutoka ng'ambo. Isingaliona mahali pa binti wa mfinyanzi aimbaye Kiswahili, kwa sababu mahali hapo palikuwa hapajafanywa bado. Watu hawakumwomba mtu aliye kama Siti, kwa kuwa hawakujua kwamba yawezekana awepo. Walimjua alipokwisha kuimba.

Hili ndilo jambo tulilotaka kulisema katika makala haya: hesabu hutazama nyuma. Yajua jana, nayo hukisia kwamba kesho itafanana na jana. Mtungaji wa kweli huleta kitu ambacho bado hakikuombwa. Si kwamba awadharau watu. La, awaheshimu zaidi, maana aamini kwamba wanaweza kupenda jambo ambalo hawajalijua. Mwenye kuwapa watu yale tu waliyokwisha kuyapenda, huyo awaona kuwa wamekwisha kukua.

Wazee walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi hatumsifii tembo, lakini mithali ni ya kweli. Na hesabu ya mtandao ni sifa isiyolala, usiku na mchana yamwambia mwimbaji, "Hapa ulipendwa, hapa uliachwa." Akiisikiliza sana, wimbo wa pili atautunga ufanane na wa kwanza uliopendwa, na wa tatu ufanane na wa pili, mpaka siku moja ajione yu mtumwa wa wimbo wake mwenyewe wa zamani. Na siku hizi iko hatari kubwa zaidi. Zimetokea mashine zitungazo nyimbo zenyewe, sauti na vinanda, kwa kujifunza nyimbo zilizokwisha kuwako. Kampuni ya Deezer ya Ufaransa ilitangaza mwezi wa Aprili mwaka 2025 kwamba nyimbo zaidi ya 20,000 zilizokuwa zikiletwa kwake kila siku, yaani 18 katika kila 100, zilikuwa zimetengenezwa na mashine tupu. Basi mtu akitaka kushindana katika kufananisha wimbo wa leo na wa jana, ajue kwamba ameingia shindano ambalo mashine haichoki wala haili. Mahali ambapo haitamshinda ni pale anapoimba jambo alilolishuhudia.

Mtu atatuuliza, "Je, mwasema kwamba mwimbaji akishika lake hakika atafanikiwa?" Hatusemi hivyo, maana tungekuwa waongo. Mithali yasema, mcheza kwao hutunzwa, na wako waliotunzwa. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alishika ilimba na zeze za Wagogo wenzake wa Dodoma, na kwa muziki huo wa kwao alijulikana hata Ulaya. Lakini wako na wengine, hodari pia, ambao hawakutunzwa na mtu. Bach alikufa mwaka 1750, na kazi yake kubwa juu ya mateso ya Bwana kama yalivyoandikwa na Mathayo ilikaa kimya miaka mingi, mpaka kijana Felix Mendelssohn alipoifanya isikike tena Berlin mwaka 1829. Yeye mwenyewe hakuiona siku hiyo. Husemwa pia kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni kwenye nyimbo 100,000 kwa siku, twaogopa kwamba hata kizuri yakipasa kutembezwa kidogo.

Kwa hiyo sababu ya kushika njia iliyo njema haiwezi kuwa mafanikio. Ni lazima iwe sababu nyingine, nayo twaiona katika ule wimbo wa kisima. Wale wanawake walitembea usiku, kimya, wamechoka. Kijana aliwaona, mama yake alikuwa mmoja wao. Ile dakika ya gitaa ndiyo mwendo wao. Akiikata ili mashine ipendezwe, hajakata mapambo, amekata ushuhuda. Na kama yeye asiposema walivyotembea, nani atasema? Wimbo ni amana ya watu. Mwenye amana aweza kuipeleka kwa gari au kwa punda, lakini hawezi kuibadili njiani kwa sababu mchukuzi apenda mzigo mwepesi.

Sasa tuseme maneno machache ya kumfaa mtungaji asiye na kampuni, yaliyo ya kutenda na si ya kusikia tu.

Kwanza, awe na saa za kutunga na saa za kupeleka, wala asizichanganye. Wakati wa kutunga, simu iwekwe mbali. Mkulima hafukui mbegu kila asubuhi kutazama kama imeota.

Pili, wimbo mpya auimbe kwanza mbele ya watu walio hai: jirani, kwaya, wazee chini ya mwembe. Hao watamwonyesha mambo ambayo hesabu haiwezi kuonyesha. Ataona mahali walipoinamisha vichwa, na mahali walipoanza kuzungumza. Mtu akisinzia mbele yako, hilo nalo ni fundisho, tena la kweli, wala lisichukiwe.

Tatu, ajifunze daima kwa waliomtangulia na kwa vitu vilivyo nje ya muziki: lugha, kilimo, habari za kale, maneno ya wagonjwa na ya watoto. Kisima cha mtungaji hukauka kama asipokiongezea maji, na mara nyingi husema kwamba mashine imemkausha, kumbe yeye mwenyewe hakuteka.

Nne, asione haya kuwa na kazi nyingine. Jembe, au chaki, au cherehani yaweza kuupa wimbo uhuru, maana wimbo usiolazimika kulipa karo ya mwezi huu waweza kusema kweli.

Tano, asinunue wasikilizaji wa uongo. Wako wauzao hesabu za kudanganya, na nyimbo zilizoongezewa hesabu hivyo huondolewa. Lakini hata zisipoondolewa, mtu aliyejidanganya kwamba amesikilizwa amepata nini? Ni afadhali kuandika katika daftari majina ya watu 20 ambao kweli wanangoja wimbo wake, na kuwapelekea yeye mwenyewe.

Na ninyi wasomaji msiopiga gitaa, msidhani kwamba neno hili haliwahusu. Mashine yafuata vidole, na vidole ni vyenu. Kila mara turukapo wimbo kwa sababu haukutufurahisha katika pumzi tatu, twaifundisha mashine kwamba uvumilivu hautakiwi, na mashine nayo yawafundisha watungaji wetu. Twalalamika kwamba nyimbo za siku hizi zafanana zote kama mayai. Lakini ni nani aliyezifanya zifanane? Basi tujizoeze jambo dogo. Tuutafute wimbo kwa jina lake, tusingoje kuletewa tu. Tuusikilize mpaka mwisho walau mara moja kabla ya kuuhukumu. Na mwimbaji wetu akija kuimba kijijini, tumpe chakula na fedha pia, wala tusidhani kwamba makofi yatanunua nyuzi za gitaa.

Kijana alirudi siku ya Jumamosi. Tukamweleza haya, naye akasikiliza, kisha akatuuliza, "Basi wimbo wa arusi nao niuache kama ulivyo?" Tukamwuliza yeye aonaje. Akafikiri, akasema, "Ule nitaukata mwanzo wake, Mwalimu. Mwanzo wake ulikuwa mrefu kwa sababu nilitaka kuonyesha vidole vyangu. Wa kisima sitaukata." Tukafurahi kuliko kama angalisema kwamba hatakata kitu, maana tuliona kwamba amejua kupambanua. Mkato wa kwanza waufaa wimbo. Wa pili ungalimfaa mchukuzi tu.

Wimbo wa kisima mpaka leo una wasikilizaji wachache. Hatutaficha neno hilo. Lakini aliuimba jioni moja nyumbani kwao, na gitaa lilipoanza, wale wakina mama waliokuwa wakimenya mihogo waliacha kumenya. Hapana aliyeuliza wimbo wahusu nini. Walikuwa wamekwisha kuujua mwendo wao. Mashine haikuhesabu jioni hiyo. Nasi twawauliza wasomaji wetu, kila mmoja katika kazi yake: ni kitu gani mkononi mwako ambacho hutakikata, hata kama hesabu yakudai ukikate? Mtu akiisha kukijua hicho, aweza kuitumia mashine yo yote bila hofu ya kutumiwa nayo.